Mshipa wa Renatha

Renatha alipofungua mdomo, Daktari Leodegari alitarajia kuona koo jekundu la mtu anayeshinda kwenye moshi, na ndilo aliloliona. Alikuwa amekwisha kumwambia Devota, muuguzi aliyeshika tochi, kwamba inatosha. Ndipo kitu kikatikisika nyuma ya findo la kulia.

Alikirudisha kijiti juu ya ulimi, akamwomba Devota asogeze mwanga. Ukuta wa koo, mahali panapopaswa kuwa bapa, ulikuwa umetuna kiasi cha nusu ya kidole gumba, na hapo palipotuna palikuwa pakipanda na kushuka. Hapakuwa pekundu, wala hapakuwa na dalili ya usaha. Leodegari alimshika Renatha kifundo cha mkono, akatulia. Mkono ulipopiga, koo nalo lilipiga.

Alipoachiwa, Renatha alifuta machozi ya kukabwa, akamgeukia Devota.

"Sista, wewe ni shahidi," alisema. "Mlamu kanishika mkono muda wote akijifanya anatafuta ugonjwa kooni. Dada nitamwambia leo leo."

Devota alicheka. Leodegari hakucheka, ingawa Renatha alikuwa na haki ya kuchekewa. Mke wa Leodegari alikuwa binti wa baba yake mdogo Renatha, na tangu Leodegari aoe katika nyumba ile hapakuwa na siku aliyokutana na shemeji yake huyo bila kutupiana maneno ya utani. Safari hii alimwambia tu akakae nje kwenye benchi, na kaka yake aingie.

Renatha alikuwa mjane, mkulima wa tumbaku na mahindi kule Lusewa. Kikohozi kikavu kilimwanza alipoanza kukausha tumbaku, akawa anawasha moto ndani ya bani, banda la kukaushia majani, na kuuchochea asubuhi na jioni, macho yakimtoka machozi. Kaka yake, Rupert, ndiye aliyemleta Songea kwa pikapu yake, akiwa amepita huko kwa shughuli zake za biashara. Ilikuwa Kwaresima, na Renatha alitaka sauti yake ipone kabla ya Pasaka kwa sababu alikuwa mwanakwaya.

Jambo lenyewe halikuwa fumbo. Kila upande wa shingo kuna mshipa mkubwa wa damu unaopanda kutoka kifuani. Karibu na taya hugawanyika. Mmoja hulisha uso. Wa pili hauna shughuli na uso wala koo. Hupanda moja kwa moja hadi kwenye sakafu ya fuvu, huingia katika tundu lake, ukaenda kulisha ubongo. Kwa watu walio wengi huu wa pili hupita kando ya koo, umekingwa na misuli, hata anayekata mafindofindo haukaribii. Lakini si kwa wote. Kuna watu ambao mshipa wao ni mrefu kuliko njia yake, ukajikunja kama mpira wa kumwagilia bustani, na mkunjo ukielekea ndani huja kulala nyuma kabisa ya koo, chini ya ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu.

Leodegari aliwahi kuuona mkunjo wa namna hiyo mara moja, akiwa mwanafunzi Dar es Salaam, katika maiti ya mzee mmoja. Mwalimu aliwaita wote waje kutazama, akawaambia kwamba picha za kitabuni ni za mtu wa wastani, na mtu huyo hajapata kuzaliwa. Yule mzee alikuwa ameishi na mkunjo wake miaka yote, akafa kwa ugonjwa mwingine kabisa. Leodegari alilihifadhi jambo hilo akilini kama kitu cha kuvutia. Hakutegemea kulikuta katika koo la shemeji yake.

Mshipa haukuwa na hatia yoyote. Kikohozi kililetwa na moshi, na moshi ukiisha kingeisha. Kwa hiyo hapakuwa na la kutibu. Palikuwa na la kuzuia, nalo lilikuwa moja tu: mtu yeyote asiingize kisu pale.

Rupert aliingia akiwa ameshika funguo za gari. Zamani alikuwa karani wa ushirika; ushirika ulipoyumba alipunguzwa kazini, akarudi na kiinua mgongo chake mjini, akafungua duka la mabati na misumari pale Majengo. Biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu yeye alikuwa tayari. Sasa alikuwa na duka, pikapu na sauti. Ndiye pia aliyekuwa mkubwa wa nyumba yao tangu baba yao afariki, na hakuna binti aliyeolewa wala shamba lililogawanywa bila yeye kuulizwa.

Leodegari alimwamkia shikamoo, akamchukua hadi mwisho wa korido, karibu na dirisha. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Katika nyumba ile, na katika nyumba nyingi za Songea, habari nzito ya ugonjwa haiendi kwa mgonjwa. Huenda kwa mkubwa wake, naye huamua ni kiasi gani kishuke, kimfikie nani, kwa maneno gani. Leodegari alikuwa amefundishwa kinyume chake, na mitihani ya jambo hilo alishinda. Lakini alikuwa amekwisha kufanya kazi kwa desturi ile miaka mingi, hata korido ile ikawa kwake sehemu ya hospitali kama chumba cha sindano.

Alieleza taratibu. Rupert alisikiliza vizuri, kwa kuwa hakuwa mjinga, akauliza maswali ya mtu mwenye akili. Akauliza kama kuna dawa. Hakuna. Kama kuna pa kumpeleka. Hata Dar es Salaam wangesema usiguswe. Kama unaweza kupasuka wenyewe. Ni nadra sana, mtu huzeeka nao.

"Sasa kama hauna dawa," Rupert alisema, "unamwambia ili akaufanyie nini? Awe analala anausikiliza?"

 Leodegari alirudia lile moja: asikatwe kooni na mtu yeyote, awe wa hospitali au wa mtaani. Rupert alimwekea mkono begani, akasema hilo amwachie yeye. Ilikuwa ahadi ya mkubwa wa nyumba, na Leodegari aliipokea.

Walitoka pamoja hadi kwenye benchi. Rupert alimwambia dada yake kwa uso wa furaha:

"Ni kimeo tu. Kimelegea kidogo. Kaa mbali na moshi."

Leodegari alikuwa amesimama hatua moja kutoka hapo. Alisikia kila neno. Renatha alimtazama yeye, akingoja athibitishe, naye akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu kumkanusha shemeji mkubwa mbele ya dada yake lilikuwa jambo ambalo mdomo wake haukujua kulianza.

"Kimeo," alisema Renatha. "Na mlamu alivyonitolea macho! Mimi nilidhani kaona shetani."

Rupert alichagua ugonjwa mdogo kuliko yote aliyoyajua. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo, na hakuna mtu aliyezikwa kwa sababu ya kimeo. Lakini upande ule wa mkoa ugonjwa huo mdogo una kisu chake. Mtoto akikohoa bila kukoma, mtu mzima akikereketwa koo, watu husema kimeo kimerefuka, na kikirefuka hukatwa. Kila mama wa Lusewa alijua ni nani wa kukikata, kama alivyojua ni nani wa kusaga mahindi. Rupert naye alijua. Alizaliwa huko. Ila siku ile alikuwa anatafuta neno jepesi, na neno jepesi lililokuwa karibu ndilo hilo.

Moshi haukuweza kuachwa. Majani yalikuwa yamekwisha kuning'inizwa ndani ya bani, na tumbaku haingojei koo la mtu. Pasaka Renatha aliimba nusu ya nyimbo, nusu nyingine akakohoa ndani ya leso. Ilipopita, alikwenda kwa Mzee Bashiru, fundi ambaye nusu ya makoo ya Lusewa yalikuwa yamepita mikononi mwake. Alikwenda kwa miguu yake, saa za asubuhi, bila wasiwasi, kama mtu anayekwenda kunyolewa nywele. Mzee alimkalisha kwenye kigoda, akamkata kimeo kwa kisu chake kilichopinda ncha, akampa majani ya kusukutua. Aliuona ule uvimbe wa nyuma. Alisema ni mizizi ya kimeo, nayo itakauka yenyewe sasa kwa kuwa kimeo kimetoka; isipokauka, arudi baada ya mavuno aimalizie.

Haya yote Leodegari aliyajua baadaye. Aliyajua kutoka kwa jirani aliyemsindikiza Renatha, asubuhi moja ya baridi, ukungu ukiwa bado haujaondoka kwenye milima ya Matogoro. Walikuwa wamesafiri juu ya lori la mnunuzi wa tumbaku, katikati ya marobota. Renatha alikuwa amejifunika kitenge hadi masikioni. Mate yalimtiririka kwenye kipande cha khanga alichokishika chini ya kidevu, kwa sababu kumeza kulimshinda, na alipojaribu kusalimia sauti ilitoka kama ya mtu mwenye tonge la ugali wa moto mdomoni.

Taya zilikuwa zimekaza. Mdomo ulifunguka kiasi cha kupitisha kijiti na mwanga kidogo. Leodegari aliinama, akatazama. Kimeo hakikuwepo, palikuwa na kovu bichi lenye utando mweupe. Upande wa kulia wote ulikuwa umefura, mwekundu, unang'aa, umelisukuma koo hadi katikati. Lilikuwa jipu, na lilikuwa limeiva. Nalo lilikuwa likipiga.

Alipoinuka, Devota alikuwa amekwisha kuandaa sinia: kisu chembamba, koleo, bomba la sindano, beseni. Alikuwa muuguzi wa siku nyingi na hakuhitaji kuagizwa. Jipu la koo ni kazi fupi. Daktari hukata pale palipotuna zaidi, usaha humwagika kwenye beseni, na mgonjwa hupata nafuu kabla hajafuta mdomo. Leodegari mwenyewe alikuwa amekwisha kupasua mengi katika chumba kile kile.

"Funika, sista," alisema.

"Nifunike?"

"Funika. Lete sindano ya kristapeni."

Devota alifunika sinia kwa kitambaa. Alilifunika polepole kuliko kawaida.

Leodegari alijua kwamba mahali fulani nyuma ya usaha ule palikuwa na mshipa. Hakujua ni umbali gani. Mwezi wa Kwaresima aliuona wazi, akaujua ulipo. Sasa usaha ulikuwa umejaa mbele yake, umeusukuma, pengine nyuma, pengine kando, pengine ulikuwa umeulalia kabisa. Jipu lote lilikuwa linatikiswa na mapigo, kwa hiyo mapigo hayakumwonyesha kitu. Akikata akakuta usaha, ni ushujaa. Akikata akakuta mshipa, Renatha angekufa mbele yake kabla Devota hajafika mlangoni kuita msaada. Sindano ya kuvutia usaha ingekuwa na ncha ndogo zaidi, lakini ncha ni ncha, na tundu katika ukuta wa mshipa uliolala ndani ya usaha halizibiki. Picha ya mionzi waliyokuwa nayo ilionyesha mifupa. Palihitajika mashine ambayo Songea haikuwa nayo, na hata safari ya kuifuata ilikuwa ndefu kuliko koo lile lingeweza kungoja.

Alichoweza kilikuwa kidogo. Aliagiza dawa za sindano, nyingine zikatafutwa kwenye maduka mapya ya dawa mjini kwa sababu za hospitali zilikuwa zimekwisha. Aliweka kando ya kitanda vifaa vya kutoboa shingo kwa mbele, ili koo likiziba kabisa aweze kumwekea bomba la kupumulia. Akaagiza Renatha akalishwe wima, asilale chali. Baada ya hapo hakuwa na kazi. Alipita wodini mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akisimama miguuni pa kitanda na kutazama kifua chake kinavyopanda. Kila mara Renatha alimfuata kwa macho. Yalikuwa macho ya mtu anayesubiri aambiwe kinachosubiriwa.

Rupert alikuwa safarini Mbamba Bay. Alipofika, alikuwa amekwisha kusikia. Hakusalimia. Alimtazama dada yake, akatazama beseni tupu chini ya kitanda, akamfanyia Leodegari ishara ya kichwa kuelekea korido. Wakasimama pale pale karibu na dirisha.

Alizungumza kwa sauti ya chini. Alikuwa ameambiwa na watu wa wodi nyingine kwamba lile ni jipu, kwamba majipu hupasuliwa, na kwamba dada yake amekalishwa tu akitazamwa kama saa ya ukutani. Leodegari alimkumbusha mshipa. Rupert alisema hajausahau.

"Yule mzee kaingiza kisu mle mle," alisema. "Kakata, kasafisha, na mtu kaondoka na miguu yake. Sasa huo mshipa wako ulikuwa wapi siku ile? Ulikwenda kutembea?"

Leodegari alisema kisu kilipita karibu nao, ni bahati tu. Alipolisikia neno hilo likitoka katika mdomo wake aliona jinsi lilivyokuwa jepesi. Rupert alikuwa na mtu aliyekatwa akapona. Yeye alikuwa na kitu alichokiona mara moja kwa tochi, na maiti ya mzee mmoja Dar es Salaam.

"Kuna zahanati mpya Bombambili," Rupert aliendelea. "Ya mtu binafsi. Nimepita, nimezungumza naye, anapasua leo. Siku hizi ruksa, mlamu. Ukininyima sukari kwako, navuka barabara."

"Atakufa pale."

"Na hapa anafanya nini?"

 Hospitali haikuwa gereza. Mkubwa wa nyumba akisema anamchukua mgonjwa wake, anamchukua. Rupert alikwisha kugeuka, akaingia wodini, akaanza kumzungushia Renatha kitenge mabegani, akimwambia kwa upole kwamba wanakwenda mahali pazuri, kimeo kimefanya jipu kidogo, litatolewa, jioni atakunywa uji. Renatha alishusha miguu chini. Alikuwa anamwamini. Alikuwa anatafuta kandambili zake kwa vidole vya miguu.

Leodegari alichuchumaa mbele yake. Aliuchukua mkono wake wa kulia, akaviweka vidole viwili vya mkono huo chini ya taya ya Renatha mwenyewe, pembeni mwa shingo.

"Unasikia kinachopiga hapo?" alimuuliza. "Huo ni mshipa wa damu ya ubongo. Kila mtu anao. Wako umejikunja ukaingia ndani, uko nyuma ya hilo jipu. Niliuona siku ile ya Kwaresima. Hakikuwa kimeo, Renatha. Nilimwambia kaka yako, sikukuambia wewe. Mtu akikupasua bila kujua ulipo, utakufa, na mimi sijui ulipo."

Rupert alisema jina la Leodegari, bila mlamu, bila daktari. 

Renatha hakuweza kusema. Taya zilimruhusu kutoa mlio tu. Aliviacha vidole vyake pale pale shingoni. Alimtazama kaka yake, na Rupert, aliyezoea kutazamana na wateja na madalali na mabwana shamba, alitazama funguo zake.  Halafu Renatha akairudisha miguu kitandani, na mkono wake wa kushoto ukashika chuma cha kitanda, ukakishika hata mifupa ya vidole ikatokeza.

Rupert alijaribu kuukunjua ule mkono mara moja. Akauacha. Akatoka nje, na baadaye wakasikia pikapu ikiwaka.

Tangu hapo Leodegari hakuwa na mpinzani, na hilo halikumpa raha yoyote. Alikuwa amemwambia mgonjwa ukweli, na ukweli ulikuwa umemzuia asikatwe. Zaidi ya hapo haukuwa na kazi nyingine. Usaha haukupungua kwa sababu umeambiwa. Homa ilipanda na kushuka. Renatha alikaa wima, vidole viwili shingoni, akijisikiliza, sawasawa kama Rupert alivyobashiri.

Jipu lilipasuka lenyewe, adhuhuri, Devota akiwa anambadilishia shuka. Leodegari aliitwa, akakuta Renatha ameinamia beseni. Usaha ulitoka mwingi, wa kijani, wenye harufu iliyowafanya wagonjwa wa vitanda vya jirani wageuze nyuso. Kisha ikaja damu.

Ilikuwa nyekundu, mbichi. Leodegari aliviweka vidole vyake shingoni mwa Renatha, chini, mahali ambapo mshipa unaweza kubanwa dhidi ya mfupa, na hakubana bado. Kama ilikuwa damu ya ukuta wa jipu, ingekoma. Kama ilikuwa ya mshipa, kubana kungeipunguza kidogo tu, kungeunyima ubongo wake damu, na mwisho ungekuwa ule ule. Kwa hiyo alishika tu. Devota alishika beseni. Renatha alishika ukingo wa beseni juu ya mikono ya Devota. Wote watatu walitazama ndani yake. Hapakuwa na kingine cha kutazama.

Damu ikaendelea kudondoka. Ikadondoka kwa kuachana. Ikachanganyika na mate, ikawa ya waridi, ikawa mate.

Leodegari alivitoa vidole vyake, akavitia mfukoni mwa koti. Hakuwa amefanya lolote. Devota alimwambia baadaye, kwenye chai, kwamba daktari mwingine angekata, na yeye, Devota, ndiye angemkabidhi kisu. Leodegari alisema ndiyo. Hakuongeza kwamba jipu lingeweza kuutafuna mshipa badala ya kupasukia mbele, na hapo uamuzi ule ule, kwa sababu zile zile, ungekuwa umemuua.

Taya zilianza kulegea. Rupert alirudi na chupa ya uji wa ulezi na kikombe, akaketi kwenye stuli. Alimimina, akampa. Renatha aliunywa wote, polepole, kwa kuwa alikuwa na njaa. Alipomaliza aliongea kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya kukwaruza.

"Mlijua tangu Kwaresima?"

Rupert alisema ndiyo. Akasema, "Nilitaka usiogope."

"Sikuogopa, kaka. Ndiyo maana nilikwenda."

Akamrudishia kikombe. Siku zilizofuata Rupert alileta uji, naye akaunywa, lakini maneno hayakuongezeka.

Siku ya kuruhusiwa, Renatha aliomba kioo. Devota alimpa chake kidogo cha mkononi, na Leodegari akamsimamisha dirishani, jua likiwa limepanda, akamwonyesha jinsi ya kuelekeza mwanga. Uvimbe wa jipu ulikuwa umekwisha. Nyuma ya findo, mahali pake pa zamani, ukuta ulituna na kutulia, ukatuna na kutulia. Renatha alijishika kifundo cha mkono bila kuambiwa. Alitazama hadi mate yakamjaa mdomoni, akameza, akafungua tena.

"Kumbe ndio huu," alisema. "Unaweza kuutoa?"

"Hapana."

"Utapasuka lini?"

"Sijui. Pengine usipasuke kamwe."

"Hujui."

"Sijui, mlamu."

Alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba basi halina muda maalumu. Akamwomba Devota amwachie kioo kile, na Devota akamwachia. Leodegari alimwelekeza tena: mtu yeyote akija na kisu, amwambie kwanza amshike mkono, kisha atazame kooni, aone vinavyokwenda pamoja. Asipofanya hivyo, kioo peke yake kitamwonyesha uvimbe unaopiga, na kwa asiyejua, uvimbe unaopiga ni jipu lililoiva.

"Nitamwambia," Renatha alisema. Alikifunga kioo kwenye pindo la kitenge. "Ila siku ile niliposhushwa kwenye lori, mlamu, ungeniuliza, ningekujibu kwa mdomo gani?"

Walikuwa wametoka nje. Lori la tumbaku lililokuwa likirudi Lusewa na magunia matupu lilisimama barabarani, jirani yake akiwa amekwisha kupanda juu. Upande wa pili wa lango, Rupert alikuwa ameegemea pikapu yake, mlango wa abiria ukiwa wazi, chupa ya uji mkononi. Huyo ndiye mtu pekee katika ukoo wao aliyejua mshipa ule unapita wapi, na angeweza kusema kwa niaba yake siku ambayo taya za Renatha zitakaza tena. Renatha alimpita kama anavyopitwa mtu asiyefahamika. Alimpa jirani mkono, akavutwa juu ya magunia.

Leodegari alifungua mdomo amwite. Hakujua amwite nani kati ya wale wawili. Rupert aliufunga mlango wa gari taratibu. Lori lilishika barabara ya Namtumbo, na Renatha, juu ya magunia, alikuwa ameinua mkono. Si kuwapungia, ila kuviweka vidole viwili chini ya taya.